Namna ya Kuipima Menyu ya Mvinyo Kwenye Mgahawa wa Steki Kabla Hujatoa Pesa

Kosa ni lile lile kila mara. Mtu amevaa vizuri, ameweka nafasi kwenye mgahawa wa steki wa Masaki au Westlands, mgeni wake yuko mbele yake. Analetewa kitabu cha mvinyo chenye kurasa 12. Anakipekua dakika moja, kisha anataja chupa ya pili kutoka chini kwa bei ili asionekane bahili, au ile aliyoonyeshwa na mhudumu kwa ncha ya kalamu. Kesho yake ananiambia mvinyo ulikuwa wa moto, umemkausha mdomo, haukuelewana na nyama, na kwamba pengine yeye si mtu wa mvinyo.

Si kweli. Nimehudumia meza, kisha nikasimamia stoo ya mvinyo, jumla miaka tisa, na ninasema kwa uhakika kwamba wengi wa hao waliangushwa na menyu ambayo hawakuisoma. Menyu inasomeka. Itakuambia kama aliyeipanga alikuwa akiifikiria nyama inayochomwa jikoni kwake, au alinakili karatasi ya muuzaji wa jumla. Ukiitazama vizuri, itakuambia hata chupa zinalala wapi.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Hatua ya 2 hadi ya 5 unaweza kuzimaliza ukiwa nyumbani.

## Vitu vya kuandaa

- Menyu yenyewe. Migahawa mingi huiweka kwenye tovuti au Instagram. Isipokuwepo, piga simu uombe picha kwa WhatsApp. Mgahawa unaojiamini hautakunyima.
- Bei za dukani za chupa tano. Ukipita supamaketi, piga picha rafu ya mvinyo. Hicho ndicho kipimo chako cha bei.
- Bajeti ya chupa moja, iliyoamuliwa nyumbani, si mezani.
- Nani atakula nini. Waulize wenzako mapema: kipande gani, na kiive kiasi gani.
- Pua safi. Siku hiyo punguza marashi. Udi na pafyumu kali vitafunika harufu unayohitaji kuinusa katika hatua ya mwisho.
- Usafiri wa kurudi. Mmoja asiyekunywa, au nauli ya teksi kabisa.

## Hatua ya 1: Anza na nyama

Huwezi kuipima menyu ya mvinyo kama hujui itasindikiza nini. Hapa ndipo watu wengi huharibu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mvinyo mwekundu una tanini. Tanini ndiyo inayoleta ukakasi: ule mkauko wa ulimi unaoupata ukiuma bibo, au ukinywa chai ya rangi iliyochemka mno. Tanini hupenda kushikamana na protini. Ukinywa mvinyo mzito bila chakula, inashika protini za mate yako, na mdomo unakauka. Ukila nyama, inapata protini nyingine za kushika, na mafuta ya nyama yanaupaka ulimi na kuulainisha. Chumvi nayo hupunguza ukali. Ndiyo maana mvinyo uliokukwaruza peke yake unaweza kuwa laini kabisa baada ya tonge la nyama ya mafuta.

Sasa geuza. Nyama ikiwa haina mafuta, ukakasi unabaki bila kazi. Kwetu hili ni jambo kubwa, kwa sababu ng'ombe wetu wa malisho, zebu kama Boran, huwa na mafuta machache ndani ya nyama kuliko ng'ombe wa Marekani aliyenenepeshwa kwa nafaka. Menyu nyingi za hapa zimeigwa kutoka migahawa ya Marekani: mivinyo mizito ya zabibu aina ya Cabernet Sauvignon kuanzia juu mpaka chini, zimepangwa kusindikiza nyama ambayo jikoni haipo. Uliza steki inatoka wapi. Ikiwa ni ya humu nchini, tafuta mvinyo wa uzito wa kati. Ikiwa imeagizwa nje na ina michirizi myeupe ya mafuta, hapo Cabernet nzito ina kazi ya kufanya.

Kwa ufupi, kwa majina ya zabibu:

- Ribai au tiboni yenye mafuta: Cabernet Sauvignon, Syrah, Malbec.
- Fileti na sarara isiyo na mafuta: Merlot, Sangiovese, Pinot Noir.
- Steki iliyoiva kabisa: mvinyo wenye ladha nyingi ya matunda na ukakasi mdogo. Nyama iliyoiva sana imepoteza maji, na mvinyo mkavu utaongeza ukavu juu ya ukavu. Wengi wetu tunakula nyama iliyoiva, wala hakuna aibu. Aibu ni ya menyu isiyo na chupa hata moja kwa ajili yetu.

Angalizo: pilipili huupandisha moto wa kileo. Kama lazima pilipili kichaa iwe mezani, kwepa chupa za asilimia 14.5 au 15. Chagua za 13 au 13.5. Kiwango kimeandikwa kwenye lebo.

Umefanikiwa ukiweza kusema: "Tunakula fileti mbili zilizoiva nusu na ribai moja iliyoiva kabisa, kwa hiyo nahitaji mwekundu wa kati, usiokausha mdomo."

## Hatua ya 2: Soma mstari mmoja kwa makini

Usisome menyu nzima. Chukua mstari mmoja wowote, uukague.

Mstari uliokamilika una jina la mzalishaji, aina ya zabibu au eneo, mwaka wa mavuno, na bei. Mfano, ukiacha bei: "Kanonkop, Pinotage, Stellenbosch, 2019." Hapo unajua nani ametengeneza, wapi, lini, na kwa zabibu gani.

Mstari mbovu husomeka hivi: "Cabernet Sauvignon, Afrika Kusini." Afrika Kusini ina wazalishaji mamia. Ni sawa na menyu ya chakula kuandika "Samaki, Bahari ya Hindi" kisha ikakudai hela ya changu mzima.

Kosa moja la tahajia lisamehe. Makosa kumi kwenye ukurasa mmoja yana maana kwamba hakuna mtu anayejua mvinyo aliyeipitia karatasi hiyo kabla haijachapwa.

Angalizo: neno "Reserva" halina uzito sawa kila mahali. Kwenye mvinyo mwekundu wa Rioja, Hispania, sheria inadai angalau miaka mitatu ya kukomaa, mmoja wake ndani ya pipa la mwaloni. Kwenye lebo za nchi nyingine nyingi neno hilo haliahidi kitu kikubwa. Usilipe zaidi kwa sababu yake peke yake.

## Hatua ya 3: Hesabu nyekundu

Fungua ukurasa wa mvinyo mwekundu, uzigawe chupa katika makundi matatu kwa kalamu.

Nyepesi: Pinot Noir, Cinsaut. Za kati: Merlot, Pinotage, Chianti Classico ambayo zaidi ni Sangiovese, na Rioja ambayo aghalabu ni Tempranillo. Nzito: Cabernet Sauvignon, Syrah, Bordeaux za Médoc, Ufaransa, Barolo.

Usidanganywe na rangi. Barolo ya Italia hutengenezwa kwa zabibu ya Nebbiolo, na kwenye glasi inaweza kuonekana nyepesi kama juisi ya rosela iliyotiwa maji. Ukiionja, ukakasi wake unazidi wa mivinyo mingi myeusi tii. Nimeona mara nyingi watu wakiagiza Barolo kwa ajili ya fileti kwa kuitazama rangi ya glasi ya jirani.

Menyu nzuri ya steki ina kitu katika kila kundi, na makundi hayo yapo kwenye bei za chini, za kati na za juu. Kama mivinyo myepesi yote ni ya bei ya kutisha, au nyekundu 18 kati ya 30 ni Cabernet, aliyeipanga hakufikiria meza yenye watu wanne wanaokula vitu vinne.

Na urefu? Urefu haunishawishi. Chupa 30 zilizochaguliwa zinashinda chupa 150 kwenye mgahawa wa meza 20. Piga hesabu mwenyewe: 150 hizo zinauzika lini? Nyingi zinakaa miaka, na kwenye joto letu kukaa si jambo la heri.

Kwa Tanzania naongeza kipimo kimoja. Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na mvinyo wake upo. Mgahawa wa Dar es Salaam unaojiita wa hadhi bila chupa hata moja ya Dodoma, mimi naupunguzia alama. Unapoiona, uliza kama ni mtamu au hauna sukari, maana zote mbili huuzwa, na mtamu utaifanya steki yako iwe na ladha ya ajabu.

Nyeupe na zenye mapovu zipitie haraka. Chenin Blanc moja nzuri na kitu cha kufungulia mlo vinatosha kwa mgahawa wa nyama.

## Hatua ya 4: Ukague mwaka

Huhitaji kukariri miaka yote ya Ufaransa. Fanya majaribio matatu.

La kwanza: nyeupe za bei ndogo. Sauvignon Blanc ya kawaida hutengenezwa inywewe ikiwa changa. Ukiiona ina miaka sita na bado ipo kwenye menyu, hayo ni mabaki.

La pili: nyekundu za bei ndogo. Chupa nyingi za bei ya chini zimekusudiwa kunywewa ndani ya miaka michache. Uzee hauzipandishi cheo. Ukiambiwa "huu ni wa zamani, ni mzuri zaidi" kuhusu chupa ya bei ya chini kabisa kwenye menyu, kataa.

La tatu: chupa zenye sheria. Brunello di Montalcino, mvinyo mwekundu wa Italia, hairuhusiwi kuuzwa kabla ya Januari ya mwaka wa tano baada ya mavuno. Ya mavuno ya 2019 ilianza kuuzwa 2024. Menyu ikionyesha Brunello changa kuliko sheria inavyoruhusu, mwaka umeandikwa kwa kubahatisha, na kama huo umebahatishwa, mingine nayo itilie shaka.

Kwa wanaonunua chupa za bei ya juu: Bordeaux ya 2013 ulikuwa mwaka mgumu, ya 2015 na 2016 ni mizuri. Stellenbosch ya Afrika Kusini ilipata nyekundu nzuri sana 2015 na 2017. Napa, California, mwaka 2020 moshi wa moto wa misituni ulifika kwenye mashamba, na wazalishaji wengi waliacha kutengeneza nyekundu zao mwaka huo. Kwa hiyo Napa 2020 isiwe chupa ya kununua kwa kubahatisha.

## Hatua ya 5: Piga hesabu ya bei

Toa picha ya rafu ya supamaketi. Tafuta chupa zilezile, au za mzalishaji yuleyule, kwenye menyu. Gawa bei ya menyu kwa bei ya duka.

Tuseme dukani ni shilingi za Tanzania 40,000 na kwenye menyu ni 100,000. Hiyo ni mara mbili na nusu. Mimi naona ni halali: unalipia glasi safi, ubaridi, mtu wa kukufungulia, kodi na pango. Ikifika mara tatu naanza kuuliza wanatoa huduma gani. Ikipita mara nne, mvinyo hapo ni mtego, na hamna sababu ya kuupamba.

Fanya hivyo kwa chupa tano, si moja. Mara nyingi utagundua kwamba za bei ya chini zimepandishwa mara nyingi zaidi kuliko za kati. Chupa ya 40,000 inauzwa 130,000, wakati ya 90,000 inauzwa 190,000. Ukiongeza 60,000 mezani unapata mvinyo wa zaidi ya mara mbili ya thamani. Kama bajeti yako inaruhusu, hapo katikati ndipo pa kwenda. Kama hairuhusu, baki kwenye bajeti yako bila kuona haya.

Ile chupa ya pili kutoka chini haina siri yoyote. Ipime kwa hesabu hiyo hiyo.

## Hatua ya 6: Mvinyo wa glasi

Chupa ina mililita 750. Glasi ya kawaida ya mgahawa ni mililita 150, yaani glasi tano kwa chupa. Wengine humimina 125, hapo zinatoka sita. Uliza, kwa sababu bei ya glasi bila kipimo chake haina maana.

Ikiwa chupa ni 120,000 na glasi ya mililita 150 ni 30,000, chupa nzima kwa glasi inakuwa 150,000. Watu wawili wanaokunywa glasi mbili kila mmoja wameshalipa bei ya chupa, na glasi ya tano imebaki baa.

Ila tatizo kubwa la glasi si bei, ni hewa. Chupa ikishafunguliwa, mvinyo unaanza kuchoka. Nyekundu ikizibwa na kuwekwa kwenye baridi itavumilia siku mbili tatu. Ikiachwa juu ya kaunta ya Dar es Salaam, kesho yake si ile tena.

Niliwahi kukaa kwenye baa ya hoteli moja, ya hadhi kweli, nikaona chupa ya Shiraz (jina jingine la Syrah) iliyobaki robo, imesimama karibu na mashine ya kahawa. Kila kahawa ikitengenezwa, mvuke wa moto unaipiga ubavuni. Kizibo kilikuwa kimerudishwa kichwa chini, upande wenye madoa juu. Niliomba kuinusa: siki, na chini yake harufu ya zabibu kavu. Glasi moja ya hiyo ilikuwa inauzwa bei ya sahani ya chakula mtaani.

Kwa hiyo tazama chupa zilizofunguliwa. Mahali panapojali utakuta tarehe imeandikwa shingoni kwa kalamu ya wino mzito, au mashine ya kuhifadhi kwa gesi. Usipoona kitu, sema: "Kaka, huu umefunguliwa lini? Naomba nionje kidogo kwanza." Kuonja mvinyo wa glasi ni jambo la kawaida kabisa, na mgahawa mzuri humimina kionjo bila kununa.

Umefanikiwa ukijua ukubwa wa glasi, siku ya kufunguliwa, na kama chupa nzima itakutoa nafuu.

## Hatua ya 7: Tazama chupa zinaishi wapi

Kama utaruka hatua nyingine zote, hii usiiruke. Huku kwetu joto linaua mvinyo mwingi mzuri kuliko kitu kingine chochote.

Mvinyo unapenda kulala kwenye nyuzi 12 hadi 14, gizani, bila kupanda na kushuka. Mwekundu unanyweka vizuri kwenye nyuzi 16 hadi 18. Yale maneno ya "mwekundu unanywewa kwa joto la chumba" yalitoka kwenye nyumba za mawe za Ulaya, ambako chumba kilikuwa na nyuzi hizo hizo. Chumba cha Mikocheni mwezi wa pili kina nyuzi 30. Mwekundu wa nyuzi 30 unanuka kileo kabla ya zabibu, na ladha yake inalegea kama soda iliyosahauliwa juani.

Ukiingia, kabla hujakaa, tazama mambo haya:

Ukuta wa chupa. Chupa zilizopangwa mpaka dari ni mapambo ya kuvutia. Kama ukuta huo uko nyuma ya kioo na una ubaridi wake, vizuri sana. Kama uko wazi, chini ya taa za moto, au umepakana na jiko la mkaa, jua kwamba chupa yako huenda ikatoka hapo.

Chupa zilizosimama. Chupa ya kizibo ikisimama miezi mingi, kizibo kinakauka na kupitisha hewa. Zenye kifuniko cha kusokota hazina shida hiyo.

Umeme. Uliza kama kabati la mvinyo linaendeshwa na jenereta umeme ukikatika. Kabati linalozima kwa muda wa saa nne kila baada ya siku kadhaa linaupandisha na kuushusha mvinyo joto, na huko kupanda na kushuka kunaumiza.

Nitaeleza nilichokiona kwa macho yangu, ili ukikiona ukitambue. Mteja aliagiza Barolo, chupa ya bei ya juu kuliko zote kwenye ukurasa. Niliichukua kutoka rafu ya wazi juu ya baa, na kabla sijafika mezani vidole vyangu vilikwama. Shingoni, chini ya ile karatasi ya bati, kulikuwa na kitu cha kunata kama asali nyeusi iliyokauka. Nikajaribu kuizungusha karatasi. Haikuzunguka, ilikuwa imegandana na kioo. Nilipoikata, kizibo kilikuwa kimechomoza juu ya mdomo wa chupa, kidogo tu, kama unene wa sarafu mbili. Joto lilikuwa limeupanua mvinyo, ukakisukuma kizibo na kuvuja. Ulipopoa, ukavuta hewa ndani. Mvinyo ulinuka jamu iliyoungua. Nilirudi kwa msimamizi nikamwambia hatuwezi kuuza hii. Akaniambia mteja hatajua. Nilikataa kuipeleka, na maneno yale bado yananiuma, kwa sababu mteja yule alikuwa amekuja kusherehekea mtoto wake kumaliza chuo.

Kwa hiyo chupa ikiletwa, ishike. Kiganja chako kisikie ubaridi wa maji ya mtungini, si ya friji. Pitisha kidole shingoni: pasinate. Karatasi izunguke. Ikiwa ni ya vuguvugu lakini haina dalili za kuvuja, omba ndoo yenye barafu na maji. Barafu peke yake inagusa chupa sehemu chache. Maji yanaizunguka yote. Dakika 10, kisha onja. Mhudumu akishangaa kuona mwekundu kwenye ndoo, mwambie kwa upole ni wewe uliyeomba.

## Hatua ya 8: Maswali matatu kwa mhudumu

Mhudumu ni sehemu ya menyu. Menyu bora mikononi mwa mtu asiyefundishwa haikusaidii, na menyu ya kawaida mikononi mwa mtu aliyeonja kila chupa inaweza kukupa jioni nzuri.

"Dada, kwa fileti iliyoiva nusu, ungenipa upi kati ya hii miwili, na kwa nini?" Weka kidole kwenye chupa mbili za bajeti yako. Hapo umemwonyesha bei bila kuitaja mbele ya mgeni wako. Jibu zuri litataja nyama, au litakurudishia swali: unapenda laini au kali? Jibu baya ni "huu ndio wateja wengi wanapenda", au kidole kinachokimbilia bei ya juu. Kizuri chajiuza, chupa inayosukumwa kila meza uliza inasukumwa kwa nini.

"Mnazihifadhi wapi?" Atakayesema "kwenye kabati la baridi pale nyuma, karibu uone" amejibu.

"Mwaka ulioandikwa hapa ndio uliopo?" Mara nyingi mzigo umebadilika na menyu haijabadilishwa. Mwambie alete chupa kabla ya kufungua.

Angalizo: mhudumu akisema "huo sijauonja, ngoja nimwite mwenzangu," umepata mtu mkweli. Usimdhalilishe. Wahudumu wengi wanauza chupa ambazo hawajawahi kupewa hata tone lake, na hilo ni kosa la mwajiri.

## Hatua ya 9: Chupa ikifika mezani

Soma lebo kwanza: mzalishaji, zabibu, mwaka. Vilingane na ulichoagiza. Ifunguliwe mbele yako; iliyofunguliwa baa irudishe.

Utamiminiwa kidogo. Hicho kionjo ni cha kukagua kama mvinyo ni mzima. Hukuulizwa kama umeupenda. Zungusha glasi, nusa kwa utulivu, onja mara moja. Unatafuta haya:

- Kadibodi iliyolowa, au kitambaa cha jikoni kilicholala na unyevu. Kizibo kimeuharibu mvinyo. Ladha ya matunda inakuwa imezimwa. Inatokea hata kwa wazalishaji wakubwa, na mgahawa kwa kawaida hurudishiwa na muuzaji wake. Kwa hiyo usiogope.
- Siki, au mvinyo mchanga wenye ukingo wa kahawia. Hewa imeingia.
- Jamu iliyoungua, zabibu zilizopikwa. Joto.

Mashapo chini ya chupa ya zamani si ubovu. Omba imiminwe taratibu au ipitishwe kwenye jagi. Na kama mvinyo ni mzima ila hukuupenda, huo ni wako.

Maneno ya kurudisha yawe mafupi: "Samahani kaka, naomba na wewe uunuse. Mimi napata harufu ya kadibodi iliyolowa." Usiseme "mbaya". Taja harufu. Mtu akiambiwa harufu anainusa. Akiambiwa "mbaya" anajitetea.

Umefanikiwa ukila tonge la nyama, ukanywa, na tonge linalofuata likawa tamu kuliko la kwanza. Mdomo haujakauka, koo halijaungua, na hakuna anayeomba maji kila baada ya glasi.

## Menyu ikifeli

Inatokea. Umefika, mistari haina miaka, ukuta wa chupa uko wazi juu ya jiko, mhudumu hajui. Usinunue chupa kubwa ili kuokoa jioni. Chukua glasi kutoka chupa ya nyekundu changa kabisa yenye kifuniko cha kusokota, ifunguliwe mbele yako, iwekwe kwenye ndoo dakika 10. Au kunywa bia ya baridi. Steki haina kinyongo na bia.

Mara ya pili, kama nyama yao ni nzuri na mvinyo wao mbovu, piga simu kabla: "Mnaruhusu mteja kuja na chupa yake, na ada ya kufungua ni kiasi gani?" Wengine hukubali, wengine hukataa, na ada hutofautiana, kwa hiyo iulize kwa simu usije ukabishania mezani. Usilete chupa ambayo wao wenyewe wanaiuza. Isafirishe imefungwa kwenye taulo lililolowa, isiachwe kwenye gari. Ukifika, ikabidhi mara moja iwekwe friji dakika 20 wakati mnasoma menyu ya chakula. Ikishafunguliwa, mimina vidole viwili kwenye glasi ya pembeni, mwachie mhudumu aliyeifungua akaonje atakapomaliza zamu.